Wazee, randa na upweke: karakana za wanaume za Australia

Karakana za wanaume za Australia (Men's Sheds) ni mabanda ya jamii yenye zana, ambako wanaume, wengi wao wastaafu, hukutana kutengeneza vitu kama stuli na kupiga soga. Zinapopewa fedha za serikali, manung'uniko huwa mawili. La kwanza, kodi ya wote inalipia mahali ambapo mara nyingi wanawake hawaingii. La pili, nani amethibitisha kwamba wazee kupiga randa pamoja kunamponya mtu chochote?

La pili lina uzito. Tafiti nyingi kuhusu karakana hizi ni ndogo, na hutegemea maneno ya wanachama wenyewe. Mzee anayefika kila Jumanne ukimuuliza kama anafaidika, atasema ndiyo, asingefaidika asingekuja. Aliyekuja mara moja akachoshwa hayumo kwenye hesabu, na aliyejifungia ndani, ambaye ndiye hasa anayetafutwa, hayumo pia. Hoja hii sijaona aliyeivunja.

Lakini kuna takwimu moja hainitoki kichwani. Australia, katika kila watu wanne wanaojiua, takriban watatu ni wanaume. Na ukipima kwa uwiano wa kila rika, kiwango cha juu kabisa si cha vijana. Ni cha wanaume wa miaka 85 na kuendelea. Kwa nini mtu avuke yote hayo, kisha ashindwe hapo? Kastaafu miaka ishirini iliyopita. Marafiki zake walikuwa wenzake wa kazini, na wengi amewazika. Mara nyingi mkewe ndiye aliyekuwa akipiga simu, akijua nani anaumwa na nani kapata mjukuu. Mke akifa, nyuzi zote hukatika siku moja. Mzee huyo mpe namba ya mshauri wa saikolojia, ataiweka mezani hadi vumbi liifunike. Mwambie karakanani kuna keezo, ile mashine ya kukerezea mbao, imegoma na hakuna anayeijua, anatafuta viatu.

Sisemi karakana inazuia watu kujiua, hilo halijathibitishwa. Nasema inampata mtu ambaye huduma nyingine zinamkosa. Wenyewe wana msemo kwamba wanaume hawazungumzi uso kwa uso, huzungumza bega kwa bega. Mikono iko kwenye msasa, macho kwenye ubao, na habari ya tezi dume inapita katikati kana kwamba ni habari ya gundi. Aliyewahi kukaa kwenye bao la wazee analijua hilo bila kufundishwa (ingawa bao haliachi stuli ya kupeleka shule ya chekechea).

Tukirudi kwa wanawake: karakana ya Goolwa, Australia Kusini, inayotajwa kuwa mama wa hizi zote, ilianzishwa mwaka 1993 na mwanamke, Maxine Kitto. Ile ya Tongala, jimbo la Victoria, ikafuata mwaka 1998. Leo Australia pekee inazo zaidi ya 1,000, na Ireland na Uingereza zina vyama vyake. Kila karakana huamua yenyewe nani aingie, na baadhi hupokea wanawake. Wanaolalamika wana haki kwa jambo moja: katika mji mdogo, mashine zote ziko humo. Mjane anayetaka kujifunza kushika drili aende wapi? Apewe siku zake na ufunguo wake, na fedha zitolewe kwa sharti hilo. Ila kulazimisha siku zote ziwe za mchanganyiko ni kumnyang'anya yule mzee chumba pekee alichothubutu kusema kwamba hapati usingizi.

Ningekuwa mimi ndiye mtoa fedha, nisingeuliza zimetengenezwa stuli ngapi. Ningeuliza mzee akikosekana Jumanne mbili mfululizo, nani huenda kumgongea mlango.