Mkono wa Mteuzi katika Ushairi wa Kiurdu

Mtu anayetaka kuanza kusoma ushairi wa Kiurdu hukuta njia mbili. Ya kwanza ni diwani, neno ambalo Kiurdu na Kiswahili hulitumia kwa maana zinazokaribiana sana, yaani kitabu cha tungo za mshairi, au kulliyat, ambayo hukusanya kazi zake zote. Ya pili ni intikhab, mkusanyiko uliochaguliwa na mtu mwingine, ambao unaweza kumpitisha msomaji kutoka kwa Muhammad Quli Qutb Shah, sultani wa Golconda aliyefariki mwaka 1612, hadi kwa Parveen Shakir aliyefariki mwaka 1994, ndani ya kurasa mia tatu. Wapo wanaoona kwamba intikhab humpa msomaji mshairi aliyekatwakatwa, tena akakatwa kwa ladha ya mtu asiyemjua. Wapo wanaoshikilia kwamba bila vitabu hivyo ushairi huu ungebaki mikononi mwa wanazuoni wachache. Mimi naelekea upande wa wateuzi, ila kwa masharti, na mjadala wenyewe umo katika masharti hayo.

Anayewatetea wateuzi ana hoja moja inayozishinda nyingine zote kwa uzito, nayo hutokana na umbo la ghazal. Ghazal hujengwa kwa sher, yaani mishororo miwili inayojitosheleza kwa maana. Na hapa msomaji wa Kiswahili ajihadhari, kwa kuwa neno hilo lina mzizi mmoja na shairi letu lakini halimaanishi utungo mzima. Kinachoziunganisha sher za ghazal moja ni mizani, kina, na neno linalorudiwa baada ya kina ambalo huitwa radif. Hazilazimiki kuwa na kisa kimoja wala mada moja. Sher ya tatu inaweza kumlalamikia mpenzi, ya nne ikamkejeli shehe anayejionyesha kuwa mchaji, ya tano ikahoji siri ya uumbaji, na wala hakuna msomaji wa Kiurdu atakayeshangaa. Diwani nayo kwa desturi haifuati tarehe. Ghazal hupangwa kwa alfabeti, kulingana na herufi ya mwisho ya mshororo, hivyo kwamba utungo wa kijana wa miaka 20 unaweza kukaa ubavuni mwa ule aliotunga akiwa mzee, bila alama yoyote ya kuutenga mmoja na mwingine. Ni vigumu kusema kwamba kitabu kilichopangwa namna hiyo kilikusudiwa kusomwa kama riwaya, kutoka jalada hadi jalada.

Wasomaji wa kale hawakukisoma hivyo. Wengi wao walikuwa na bayaz, daftari la kunakilia sher walizozipenda, na waandishi wa tazkira, vile vitabu vya wasifu wa washairi, walimpa kila mshairi mistari michache ya habari zake na sher kadhaa za mfano. Mir Taqi Mir, ambaye wengi humweka juu ya washairi wote wa ghazal, aliandika tazkira ya aina hiyo mwaka 1752, na hakuwa mpole kwa wenzake. Katika mushaira, baraza ambamo washairi husoma tungo zao mbele ya hadhira, sher iliyopendeza hupigiwa kelele za "mukarrar", yaani irudiwe, neno lililo ndugu na kukariri kwetu. Isiyorudiwa huenda ikasahauliwa kabla ya kucha. Uteuzi ulianza ukumbini, kabla ya mhariri na mchapaji kufika.

Mirza Ghalib, aliyeishi kati ya 1797 na 1869, hutumiwa kama shahidi na pande zote mbili. Diwani yake ya Kiurdu ilichapishwa Delhi mwaka 1841, akiwa hai, na ilikuwa nyembamba kwa sababu yeye mwenyewe aliipunguza bila huruma. Hata baada ya nyongeza za matoleo yaliyofuata ilibaki na takriban sher 1,800, na zaidi ya nusu ya alichotunga katika lugha hiyo aliiacha nje. Miaka mingi baada ya kifo chake ulipatikana Bhopal mswada ulionakiliwa mwaka 1821, ukachapishwa mwaka 1921, na ndani yake mkawa na tungo nyingi za ujanani alizozikataa. Mpinzani wa wateuzi huuliza: ikiwa hata Ghalib alitupa sher ambazo leo wahakiki wanazichambua kwa shauku, nani amwamini mhariri wa kawaida? Mtetezi hujibu kwamba diwani inayopendwa kuliko zote katika Kiurdu yenyewe ni intikhab. Nakubaliana na huyu wa pili, lakini natoa hitimisho ambalo huenda lisimfurahishe: kwa Ghalib, intikhab nyingine haihitajiki. Kazi ya kuchagua ilikwisha kufanywa na mwenye mali, na sher 1,800 ni kiasi ambacho msomaji mwenye subira hukimaliza.

Tazama sher inayofungua diwani hiyo:

Naqsh faryadi hai kis ki shokhi-e tahrir ka
Kaghazi hai pairahan har paikar-e tasvir ka

Kwa Kiswahili cha kukaribia: nakshi inashitakia utundu wa kalamu ya nani, hata kila umbo la picha limevaa vazi la karatasi? Sikio la Mswahili hunasa mara moja nakshi na taswira, na pengine tahariri, ambayo katika Kiurdu ni maandishi kwa jumla. Lakini vazi la karatasi linatoka wapi? Ghalib alilazimika kueleza katika barua kwamba huko Iran ilikuwa desturi mwenye malalamiko kuvaa nguo za karatasi anapokwenda mbele ya mtawala. Picha imechorwa juu ya karatasi. Kwa hiyo, kila kiumbe kimezaliwa kikiwa tayari kimevaa joho la mlalamikaji, na anayeshitakiwa ni mchoraji. Shitaka zito namna hiyo dhidi ya Muumba, tena mahali ambapo msomaji hutarajia sifa na shukrani! Mteuzi anayetafuta sher za kutuma kwenye simu huiruka, kwa kuwa haisomeki bila maelezo. Mteuzi mwenye bidii huiweka na kuifafanua, na hapo ndipo intikhab inapomshinda mchapaji wa diwani tupu. Faida yake huonekana miaka mia moja baadaye: Faiz Ahmed Faiz alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1941 alikiita Naqsh-e Faryadi, maneno mawili yaliyochukuliwa hapo. Mkusanyiko unaowaweka wa kale na wa kisasa pamoja humwezesha msomaji kusikia mwangwi huo, jambo ambalo diwani ya mmoja peke yake haiwezi.

Kwa Mir mambo ni magumu zaidi, na ndiyo maana wapinzani wa wateuzi humtegemea yeye. Aliacha diwani sita zenye ghazal zaidi ya 1,900. Hakuna anayeanza na rundo hilo. Kumekuwapo kwa muda mrefu msemo kwamba katika yote hayo kuna nashtar 72, yaani vijisu vya tabibu, sher 72 zinazopenya moyo, na msemo huo umewapa watu ruhusa ya kuyaacha mengine. Sasa hizo chache huchaguliwa kwa kipimo gani? Baada ya Delhi kuvunjwa katika vita vya 1857 dhidi ya Waingereza, kizazi cha Muhammad Husain Azad, aliyechapisha historia yake ya washairi mwaka 1880, na Altaf Husain Hali, aliyeandika uhakiki wake maarufu mwaka 1893, kilitazama ushairi wa kale kwa macho ya watu walioshindwa na wanaotaka kujirekebisha. Walipenda wepesi wa lugha, ukweli wa hisia na maadili. Mchezo wa maneno na mambo ya mwili waliyaonea haya. Ladha hiyo ikawa ladha ya wateuzi, na Mir akageuka mshairi wa machozi na maneno mepesi. Shamsur Rahman Faruqi, mhakiki wa Allahabad aliyefariki mwaka 2020, alitumia juzuu nne katika miaka ya 1990 kuonyesha Mir mwingine, mcheshi, mjanja wa maneno, asiyeogopa kutaja mwili wa mpenzi. Alifanya hivyo kwa njia gani? Kwa intikhab yenye sherehe, yaani maelezo ya sher zilizochaguliwa. Sioni jibu bora zaidi ya hilo kwa wanaotaka vitabu vya uteuzi vifutwe: aliyeuvunja uteuzi mbaya aliuvunja kwa uteuzi mwingine, ila yeye alitaja kipimo chake na kukitetea kurasa baada ya kurasa.

Walioachwa nje kabisa hawana bahati hiyo. Nazir Akbarabadi wa Agra, aliyefariki mwaka 1830, alitunga juu ya mikate, matango ya mjini kwake na mtoto wa dubu anayechezeshwa barabarani, na wenye tazkira wakamwona mtu wa sokoni. Mah Laqa Bai Chanda wa Hyderabad alikuwa na diwani yake kabla karne ya 18 haijaisha, lakini msomaji anaweza kupitia mikusanyiko kadhaa ya kale asimkute mwanamke hata mmoja.

Hoja ya ghazal, hata hivyo, haifiki kwenye nazm, utungo wenye mada moja unaokwenda kwa mfululizo, ambao ndio uliotawala karne ya 20 mikononi mwa Iqbal, N. M. Rashid, Miraji na Faiz. Nazm ukiikata umeivunja. Ile maarufu ya Faiz inayomwomba mpenzi asidai tena mapenzi yale ya zamani hunukuliwa kwa mistari yake ya mwanzo kana kwamba ni wimbo wa mahaba. Uzito wake uko katikati, mshairi anapotaja miili inayouzwa vichochoroni na sokoni, imepakwa vumbi na kuoga damu, na kusema kwamba macho hurudi huko pia. Mteuzi anayechukua kipande cha nazm anastahili lawama ambayo mteuzi wa sher hastahili.

Intaneti imeukuza ugomvi huu kwa sura mbili. Rekhta, tovuti iliyoanzishwa India mwaka 2013, huweka utungo kwa hati tatu, Nastaliq ambayo ndiyo hati ya Kiurdu yenye asili ya Kiarabu, Devanagari ya Kihindi, na Kirumi, na maana ya neno huonekana ukiligusa. Kwa wasomaji wengi wa India wasiojua hati ya kwanza huo ndio mlango wa pekee. Wapinzani wanasema kwamba Kiurdu kina herufi nne za sauti ya z na tatu za s, na hati ya Kirumi huzimeza zote. Wanasema kweli, na sisi tuliotoka hati ya Kiarabu tukaingia ya Kirumi tunajua hasara hiyo, ingawa sikio la mushaira halikuwahi kuzitenganisha. Baya zaidi ni majina. Sher inayomhimiza tai asiogope upepo mkali wa mbele husambazwa kwa jina la Iqbal, ilhali ni ya Sadiq Hussain. Ile ya tamaa ya kutoa kichwa mhanga huhesabiwa ya mwanamapinduzi Ram Prasad Bismil, ilhali aliyeitunga ni Bismil Azimabadi. Uteuzi usio na mteuzi anayejulikana hauna wa kuulizwa.

Nami nina deni kwa wapinzani wa wateuzi. Januari 1955, akiwa mfungwa katika gereza la Montgomery, mji unaoitwa leo Sahiwal, Faiz alitunga nazm yenye kiitikio "Aa jao Afriqa", njoo Afrika. Kenya wakati huo ilikuwa katika mwaka wa tatu wa hali ya hatari. Msemaji anasikia mshindo wa ngoma, mapigo ya damu yake yanaufuata, na anainua paji la uso kutoka vumbini. Imo katika Zindan Nama, kitabu cha mwaka 1956. Intikhab mbili za Faiz nilizoanza nazo, zote za mapenzi, hazikuwa nayo. Niliikuta katika kulliyat yake, nikitafuta kitu kingine.