Rangi ya nano kwenye beseni la jua: faida ipo, na kikomo kipo

Mkazi wa Kigamboni au Mbagala, jijini Dar es Salaam, anayeoshea vyombo kwa maji ya chumvi ya kisimani, huku ya kunywa akiyanunua kwa dumu, ana kila sababu ya kutega sikio anapoambiwa kwamba beseni la kuvukizia maji kwa jua, likipakwa rangi yenye chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, hutoa maji mengi zaidi yasiyo na chumvi. Habari hiyo ni ya kweli, ila haijakamilika.

Beseni lenyewe ni kitu cha kale: sakafu nyeusi, maji ya chumvi ya kina kifupi, na juu yake kioo kilichoinamishwa. Mvuke hugusa kioo, hugeuka matone, na matone huteremka hadi kwenye mfereji wa pembeni, chumvi ikibaki chini. Mwaka 1872 mtambo wa aina hiyo ulijengwa Las Salinas, nchini Chile, ukawa unatoa zaidi ya lita 20,000 kwa siku kutoka eneo la zaidi ya mita za mraba 4,000. Mabeseni ya kawaida ya leo hayajauacha mbali, kwani hutoa kati ya lita 2 na 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku.

Chembe za nano, ziwe za kaboni, za oksidi ya shaba au za nitridi ya titani, husifiwa kwanza kwa kunasa mwanga. Hapo sioni la kushangilia sana, maana rangi nyeusi ya kawaida isiyong'aa tayari hunasa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za mwanga. Faida yenye uzito ni ile ya pili: zikiwekwa kwenye utando unaoelea, hulikusanya joto pale juu mvuke unapotokea, badala ya kulipoteza kwa kupasha maji yote.

Hata hivyo, kuvukiza lita moja ya maji kunahitaji joto la takriban kilowati-saa 0.65, na kwa wastani jua la siku moja Dar es Salaam hutoa kama kilowati-saa 5 kwa mita ya mraba. Ukigawanya, hufiki lita 8, na hakuna rangi itakayovuka hapo iwapo joto la mvuke linaachwa lipotelee kwenye kioo. Kifaa cha watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, na Chuo Kikuu cha Shanghai Jiao Tong cha China, kilichotangazwa mwaka 2020, kilitoa lita 5.78 kwa saa kwa mita ya mraba kwa sababu kilipanga hatua kumi za kuvukizia na kulitumia tena joto lile lile. Siri ilikuwa kwenye mpangilio.

Mpinzani mkubwa zaidi ni pampu inayosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando wa kuchuja. Mitambo mizuri ya namna hiyo hutumia kilowati-saa 3 hadi 4 kwa lita 1,000 za maji ya bahari, na hutumia pungufu ya hapo kwa maji ya kisima yenye chumvi hafifu. Beseni halitoi punguzo hilo, kwa kuwa joto la kuvukiza ni karibu lile lile, chumvi iwe nyingi au haba. Kwa jiji ambalo tatizo lake mara nyingi ni visima, jambo hili lina uzito kuliko rangi yoyote.

Wanaolitetea beseni nao wana hoja: pampu hudai fundi, vichujio vya kubadilisha na umeme, ilhali beseni hudai kuoshwa tu. Lakini kuoshwa huko ndiko kunakoitesa rangi ya nano. Chumvi huganda juu yake, mtu huisugua, chembe hubanduka na kumwagwa pamoja na maji machafu, pengine kwenye mikoko.

Kwa hiyo ningeanza na kuziba mianya ya kioo na kuweka kizuizi cha joto chini ya beseni, kazi ambazo fundi wa mtaani anaziweza. Rangi hiyo ningeiweka kwenye mabeseni madogo yanayotoa lita chache zenye thamani kubwa: maji ya betri kwa gereji, au maji ya mashine ya kutakasia vifaa kwenye zahanati.