Muulizeni mama anapikia nini

Mama wa makamo anafika zahanati akilalamikia kifua. Anakohoa kila asubuhi, na akipanda kilima kidogo tu pumzi zinakata. Anaulizwa kama nyumbani kuna mgonjwa wa kifua kikuu. Anaulizwa kama anavuta sigara, anajibu hajawahi. Makohozi yanapimwa, majibu yanakuwa safi, anapewa dawa ya kikohozi na kurudi kwenye mafiga matatu yale yale. Hakuna aliyemuuliza: mama, unapikia nini, na unapikia wapi?

Kwa maoni yangu swali hilo liwe la kwanza kwa kila mgonjwa wa kifua katika nchi hii, litangulie hata lile la sigara. Moshi wa jikoni nao huharibu mapafu, na anayejua yanavyofanya kazi hatanishangaa.

Hewa huingilia puani, ikapata joto na unyevu, na vumbi kubwa likanaswa kwenye kamasi. Hushuka kupitia bomba la hewa, ambalo kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, kila tawi likazaa matawi mengine, vizazi kama 23, hadi kufikia vifuko vya hewa. Vifuko hivyo ni mamia ya mamilioni. Ukivitandaza vyote utapata eneo la mita za mraba 70 hivi, karibu sawa na sakafu ya darasa la shule ya msingi. Ukuta unaotenga hewa na damu hapo haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Oksijeni huvuka kuingia kwenye damu, kabonidayoksaidi ikatoka, na hakuna kinachozisukuma: kila moja hutoka ilipo nyingi kwenda ilipo kidogo. Ukuta ukiwa mnene, kazi hiyo inakwama.

Ulinzi uko njiani. Mabomba ya hewa yametandikwa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na juu yake pana ute unaonasa uchafu. Vinyweleo hupiga kuelekea juu mchana na usiku, vikausukuma ute hadi kooni, nasi tukaumeza bila kujua. Moshi huvidhoofisha. Ute unazidi, wa kuupandisha hakuna, na mwili unabakiwa na njia moja: kukohoa. Kwa hiyo kile kikohozi cha asubuhi ambacho mabibi zetu walikizoea hadi wakakiona sehemu ya uzee, mara nyingi ni mapafu yanayojaribu kujisafisha.

Chembe ndogo zaidi za moshi, zile zisizozidi maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), huvuka ulinzi huo na kutua kwenye vifuko. Huko zipo seli walaji zinazozimeza, lakini masizi hayameng'enyeki. Uvimbe unaanza. Mwaka baada ya mwaka njia ndogo zinasinyaa, kuta za vifuko zinabomoka, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Huu ndio ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao wengi wetu tumefundishwa kuuhusisha na wavuta sigara tu.

Kinachoniuma zaidi ni mtoto aliyebebwa mgongoni wakati ugali unasongwa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga, mara 30 hadi 60. Mapafu yake bado yanajengwa, vifuko vipya vinaendelea kuota. Na mabomba yake ni membamba: upana wa bomba ukipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa unaweza kuongezeka mara 16, kwa hiyo uvimbe ambao mama angeuvumilia unaweza kumkaba mwanawe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto chini ya miaka mitano. Nimonia ni sehemu kubwa ya vifo hivyo vya watoto.

Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ila mazungumzo mengi ninayoyasikia ni ya misitu, na nyumbani ni ya bei ya kujaza mtungi. Nyumba nyingi mwenye kauli juu ya hela ya gesi ni baba, na anayeuvuta moshi ni mama. Wanaume wenzangu, tulizungumze hili. Kama gesi haijawezekana, kuni zikaushwe vizuri, jiko lihamie penye upepo, mtoto abaki kwa dada yake mpaka chakula kiive.

Kuhusu mkaa nisieleweke vibaya. Moshi wake ni kidogo, lakini hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mapafu yanaendelea kupumua vizuri kabisa huku damu ikikosa oksijeni, na aliyelala hashtuki. Kwa ndugu zangu wa Njombe na Makete, usiku wa baridi jiko litolewe nje kabla ya watu kulala, hata kama makaa yameanza kufifia, maana makaa yanayofifia bado yanaitoa gesi hiyo.