Jamvi liikumbatie nguzo au liipishe?

Sebuleni kwa rafiki yangu, mlimani Bugarika, jijini Mwanza, kuna nguzo moja ambayo nimeitazama kuliko nilivyotazama televisheni yake. Vigae vinne vinavyoizunguka vyote vimepasuka. Ufa umeanzia kwenye kona ya nguzo ukakata mshazari kuelekea mlango wa jikoni, na ukigonga kigae kwa ncha ya ufunguo kinaitika kama debe tupu. Tuliweka pimamaji, upande mmoja ukigusa nguzo. Upande wa pili, kati ya chuma na sakafu, zilipita sarafu nne za mia mbili zikiwa zimebebana.

Nguzo haijashuka hata kidogo. Imekaa juu ya mwamba, mwamba uleule uliotokeza nyuma ya nyumba kama kiboko aliyeota jua. Kilichoshuka ni jamvi, lile zege la sakafu ya chini lililomwagwa juu ya kifusi.

Fundi aliyejenga aliitwa, naye injinia kijana, mpwa wa mwenye nyumba, akawa amefika. Baada ya shikamoo na marahaba ugomvi ukaanza kwa adabu zote.

"Mzee wangu, jamvi ungeliacha lisiguse nguzo. Ungepiga boksi la mbao hapa, kuizunguka."

"Mwanangu, nyumba ni kitu kimoja. Ukiacha uwazi kwenye nguzo, maji yatapanda, mchwa watapanda, na tetemeko likija kila kipande kitacheza ngoma yake."

Nimeyafikiria maneno ya wote wawili kwa wiki kadhaa, na sioni kama kuna aliyekuwa akipayuka.

Nianze na kijana, kwa sababu ushahidi wa sebuleni ni wake. Nguzo ya nyumba ya ghorofa mbili tatu hubeba tani nyingi, na kwa hiyo huchimbiwa hadi ardhi ngumu. Jamvi linabeba makochi na watu, basi linalazwa juu ya kifusi. Vitu viwili vilivyokaa juu ya ardhi mbili tofauti havishuki sawa. Ukivigundisha, kile kinachotaka kushuka kitaning'inia kwenye kile kilichogoma, hadi zege lichanike. Hapo bado hujahesabu kunywea. Zege likikauka hupungua, takribani nusu milimita kwa kila mita, kwa hiyo ukumbi wa mita 10 unatafuta kujivuta milimita 5 hivi. Nguzo nne zikiwa zimeukamata kama vigingi vya turubai, utapasukia wapi kama si kwenye kona zao? Kona inayoingia ndani ya zege ndiyo mahali ufa hupenda kuzaliwa. Angalia pembe za madirisha ya nyumba yoyote yenye plasta.

Mwanza inalizidisha tatizo hili kwa namna yake. Kwenye miteremko ya Mabatini, Igogo au Isamilo, kiwanja kimoja kinaweza kuwa na jiwe tupu upande wa juu na mita moja na nusu ya kujaza upande wa chini. Mwamba unachomwa moto hadi upasuke, na vipande vyake ndivyo vinavyotupwa humo, vikubwa kama ndoo, vikiacha mapango katikati. Juu wanamwaga moramu, ule udongo wa changarawe, wanapiga maji kidogo, kesho nailoni, keshokutwa zege. Mvua mbili tatu kubwa zikishapita, udongo laini unateremka kuingia kwenye yale mapango. Ufukweni maji hutokea chini. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kuvuka rekodi ya 1964, na kifusi kilichokaa kikavu miaka yote kikiloweshwa kutoka chini hujipanga upya bila kumwuliza mtu.

Udongo nao haufanani. Wasukuma walikuwa na majina yake kabla ya maabara: luseni, ule wa kichanga karibu na mawe, na mbuga, ule mweusi wa mabondeni unaonata. Luseni iliyoshindiliwa vizuri haina makuu. Mbuga inavimba masika na kupasuka kiangazi, na hapo jamvi lililofungwa kwenye nguzo linasukumwa kutoka chini huku limeshikwa.

Sasa fundi. Hoja ya tetemeko haikutoka hewani. Septemba 10, 2016 lile la Kagera, la kipimo cha 5.9, lilisikika hadi huku Mwanza. Lakini kinachofunga nguzo pamoja chini ni bimu za chini, mihimili ya zege yenye nondo na ringi zake, si zege la milimita 100 lenye wavu mwembamba. Penye bimu hizo, kulitenganisha jamvi hakulegezi nyumba.

Penye kukosekana hizo bimu, mzee ana haki kuliko kijana alivyokubali. Chukua nguzo ya upande wa bondeni: msingi uko mita 2 chini ya sakafu, dari liko mita 3 juu. Jamvi likiibana katikati, una vipande viwili vifupi. Likiipisha, una nguzo ya mita 5 yenye upana wa milimita 230, yaani zaidi ya mara 21 ya upana wake. BS 8110, kanuni ya zamani ya Uingereza ambayo wahandisi wetu wengi walisomea, haiiti nguzo iliyoshikiliwa na kuta kuwa fupi urefu wake wa kukokotolea ukifika mara 15 ya upana. Nguzo nyembamba namna hiyo haipondeki tu kwa uzito, inaweza pia kupinda. Ukijifunza kwenye simu kwamba jamvi hutenganishwa na nguzo, ukaenda kukata la nyumba ya mlimani bila kumwuliza aliyechora, unaweza kuwa umeondoa kiegemeo alichokihesabu.

Maji na mchwa nayo si visingizio. Nimeingia kwenye kiwanda cha samaki ambako sakafu inaoshwa kutwa, na kila uwazi uliozibwa vibaya ulikuwa umegeuka mfereji wa magamba na harufu. Kwa sakafu ya aina hiyo, uwazi usiotunzwa ni hasara ya kila siku, wakati ufa mwembamba unaweza kuzibwa mara moja. Nyumbani, nailoni ikikatwa kizembe kuzunguka nguzo, unyevu unapata njia na mchwa anaifuata.

Na boksi lenyewe lina ufundi wake. Wengi wakiambiwa "acha nafasi" wanapiga mbao nne sambamba na pande za nguzo. Hapo umehamisha kona tu, ukaifanya kubwa zaidi. Boksi linageuzwa lisimame kama uru kwenye karata, ncha zake zikitazama mistari inayounganisha nguzo na nguzo. Kwenye mistari hiyo ndiko zege hukatwa kwa greinda kesho yake asubuhi, robo ya unene wake, ili likitaka kupasuka lipasukie hapo. Kwa zege la milimita 100, mkato usikae mbali zaidi ya mita 3 hivi kutoka mwingine. Katikati ya uru hujazwa baadaye, ghorofa za juu zikishapanda na nguzo imeshabeba sehemu kubwa ya mzigo wake. Kati ya zege jipya na la zamani unaweka ukanda laini wa sentimita moja hivi, juu yake silikoni. Nimeona mafundi wakitumia ile sponji nyeupe inayokuja na televisheni. Si mbaya, mradi iende hadi chini kabisa. Ukanda ukiishia katikati zege linashikana chini yake na kazi yote ni bure. Vigae navyo vikatwe juu ya ukanda huo. Hapa ndipo mama wenye nyumba wanapokataa, na siwalaumu, maana uru katikati ya sebule haupendezi.

Mimi naegemea upande wa kijana kwa jamvi lililolala juu ya kifusi kilichoshindiliwa, lenye bimu za chini. Kifusi kikizidi mita moja, sidhani ugomvi wao unafaa hata kuendelea. Hapo usililaze jamvi juu yake. Tundika sakafu juu ya bimu kama unavyotundika ya ghorofani, na slabu inayoning'inia, yaani sakafu hiyo ya zege isiyolala ardhini, ni lazima ifungwe na nguzo, nondo ndani ya nondo. Itakula nondo na saruji zaidi, ndiyo. Rafiki yangu naye atanunua vigae mara ya pili.

Wala mtu asiupeleke ushauri wa boksi ghorofani. Huko juu slabu inapokutana na nguzo ndipo mzigo wote unapopita, na nguzo inaweza kuitoboa slabu kama kidole kwenye karatasi. Duka la Sampoong la Seoul, Korea Kusini, lilianguka Juni 29, 1995 likaua watu 502. Slabu zake zilikaa juu ya nguzo bila bimu, na nguzo zilikuwa nyembamba kuliko ilivyotakiwa. Fundi bomba anayetaka kupitisha bomba la choo pembezoni mwa nguzo ya ghorofa ya pili azuiwe, hata kama analalamika kwamba njia nyingine ni ndefu.

Bugarika hatujavunja kitu. Kijana alibandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa jipsamu, pande zote mbili, na mzee akaandika tarehe pembeni kwa penseli yake ya seremala. Masika yakipita kioo kikiwa kizima, kifusi kimemaliza kushuka na vigae vitanunuliwa. Kikipasuka, mzee amesema ataleta nyundo mwenyewe.