Pedi ya Msichana Anayekimbia

Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja. Mzunguko wa kwanza binti wa kaka yangu alikuwa wa pili, mabega yametulia, pumzi iko sawa, anakimbia vile vile ninavyomjua. Mzunguko wa pili ulipoanza nikaona mkono wake wa kulia umeacha kwenda na mguu. Ulikuwa nyuma, unavuta bukta. Alikimbia hivyo karibu mita 300, mkono mmoja unakimbia na mwingine unazuia, akamaliza wa tano. Ulikuwa mchujo wa wilaya wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na waliotakiwa kwenda mbele ni wawili.

Nilimkuta nyuma ya vyoo amejifunga sweta kiunoni, saa sita mchana, na jua la Tanga mnalijua. Hakuwa analilia nafasi. Aliniambia neno moja tu: "Shangazi, zilihama."

Zilihama. Pedi, tena kwa wingi. Asubuhi alikuwa amemweleza mwalimu wa kike anayesafiri nao kwamba yuko kwenye siku zake, naye akamjibu: "Vaa mbili, utakuwa salama."

Wiki sita zimepita na bado neno hilo linanikaba. Nami niliambiwa hivyo hivyo. Nilicheza netiboli miaka minne ya sekondari nikiwa nimevaa mbili, natembea kama niliyetoka jando, na sikuwahi kujiuliza kama mbili zinafanya kazi kuliko moja. Mama aliambiwa, akaniambia mimi, mwalimu naye aliambiwa, akamwambia mtoto wetu. Wanawake watu wazima, wenye miaka thelathini ya hedhi kila mmoja, na hakuna aliyewahi kuichukua pedi akaitazama.

Basi tuitazame. Juu kuna kitambaa laini kinachopitisha damu. Katikati kuna kinachonyonya. Chini kuna plastiki, na kazi ya plastiki ni kuzuia damu isipite. Ukiweka pedi juu ya pedi, damu inaishia kwenye plastiki ya ile ya juu. Ya chini haionji hata tone. Ikijaa ya juu, damu inamwagikia pembeni, kwenye paja, mahali ambapo pedi ya pili haipo. Halafu gundi: gundi ya pedi imetengenezwa ishike chupi. Ile ya juu imeshika uso wa pedi mwenzake, ambao ni laini na tayari una jasho, kwa hiyo ukianza kukimbia inateleza na kuondoka. Umepata unene maradufu katikati ya mapaja na kinga ya pedi moja iliyolegea. Binti yetu alichubuka mpaka akatembea amepanua miguu.

Mwalimu yule simchukii. Ana wasichana ishirini na begi moja la huduma ya kwanza, na pedi zilizokuwa ndani alizinunua kwa mshahara wake. Hilo nalikubali. Lakini nia njema haikumsaidia mtoto kwenye mzunguko wa pili.

Ninachotaka kusema ni hiki: pedi zote tunazowachagulia wasichana tunamchagulia msichana aliyekaa. Angalieni kila tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi. Hotuba zote ni za dawati. Asikose vipindi, asibaki nyumbani, afaulu. Ni maneno ya kweli na nayaunga mkono, maana nimefundisha na nimeona madawati yakiwa matupu. Lakini msichana aliyekaa darasani damu yake inashuka moja kwa moja, mapaja yametulia, na mapumziko yakifika anabadilisha. Anayekimbia mapaja yake yanasuguana kila hatua, jasho linakula gundi, kitambaa cha chupi kinavutwa kushoto na kulia. Golikipa anajirusha ubavu. Mcheza netiboli anaruka na kutua kwa mguu mmoja. Huyu ni msichana mwingine kabisa kwa mahitaji, hata kama ni yule yule aliyekuwa darasani asubuhi, na katika maboksi yote ya msaada niliyowahi kuyafungua shuleni sijawahi kuona mtu aliyemfikiria. Matokeo yake ushauri pekee anaoupata ni wa aina mbili: vaa mbili, au leo pumzika.

"Leo pumzika" ndiyo inayoniuma zaidi. Mtoto wa miaka 13 akipumzika siku tano za kila mwezi anajifunza mapema kwamba mwili wake na michezo haviendi pamoja. Kufika kidato cha tatu anakuwa mtazamaji. Mnawakumbuka Serengeti Girls, timu yetu ya soka ya wasichana, walivyofika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, wakamfunga Ufaransa njiani? Kila mmoja wao aliwahi kuwa na miaka 13, na naamini siku moja aliamua kuingia uwanjani akiwa kwenye siku zake.

Jumapili, siku moja baada ya mchujo, tulifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya tangu Desemba alipovunja ungo. Nilinunua pakiti tatu za aina tofauti. Bado alikuwa na damu, siku ya tatu. Nikampa kamba ya kuruka, nikafunga geti la uani, nikamwambia: "Mwanangu, kila moja ivae, ruka mara mia, kimbia mpaka kwenye mwembe na kurudi, halafu uniambie." Mimi sikusema kitu.

Ile ndefu ya usiku, ambayo mimi ningemchagulia bila kufikiri, ilijikunja katikati kama karatasi na kumkata. Ile nene ya pamba ilikuwa nzuri mpaka alipotoka jasho, kisha ikaanza kusugua. Iliyotulia ni nyembamba, yenye mabawa, ya urefu wa kati. Tena haikutulia mara ya kwanza. Ilitulia alipobadilisha chupi.

Hapo nikapata aibu. Chupi yake ya mazoezi ilikuwa ile iliyolegea mpira, kwa sababu nyumbani tunasema chupi nzuri usiiharibie kwenye jasho na damu. Pedi haina nguvu yake yenyewe. Inakaa pale chupi inapokaa. Chupi ikicheza, pedi inacheza. Tulichukua chupi ya pamba inayombana vizuri, mabawa yakakunjwa chini yakashika, juu yake taiti inayofika nusu ya paja. Taiti ndiyo inayogandamiza kila kitu mahali pake, na ndiyo inayozuia mapaja kuchubuana. Mafuta ya mgando akapaka ndani ya mapaja, lakini yasifike kwenye ukingo wa chupi, maana gundi haishiki kwenye mafuta. Na sheria moja aliitunga mwenyewe: pedi mpya kabla ya kupasha mwili, hata kama iliyopo ni safi, na mara mbio zikiisha, atoe.

Gharama? Pakiti tatu, chupi mbili, taiti moja. Si kidogo kwa kila nyumba, najua. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, mwaka uliofuata ikairudisha kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Wa kubanwa alikuwa mfanyabiashara, akabanwa mtoto. Kwa hilo nina hasira ambayo inahitaji siku yake.

Nikiwa mwari mimi nilipewa somo, yaani mwanamke wa kunifunda, kama ilivyo desturi kwetu pwani. Bibi mmoja mrefu, mkono mzito, alinifungia chumbani kwa wiki nzima. Mengi aliyonifundisha nimeyaacha, na moja lilikuwa nisiruke tena kamba, jambo lililoniliza. Lakini yule bibi alichukua kanga kuukuu akaikata mbele yangu, akakunja sodo mara ya kwanza yeye, mara ya pili mimi, akaniambia simama, chutama, inama, tuone kama inahama. Alinijaribisha! Leo mtoto anapewa pakiti kwenye mfuko mweusi wa plastiki, mlango unafungwa, hapo elimu imeisha.

Pedi za kufua nazo tulizijadili. Kwa mazoezi ya nyumbani zinafaa, hazichomi ngozi, na kifungo kikiwa imara hazihami sana. Kambini sizitaki. UMISSETA watoto wanalala madarasani na mabwenini kwa watu, hana pa kuanika. Atazificha chini ya godoro zikiwa mbichi, azivae mbichi, na huko ndiko muwasho na maradhi yanakoanzia. Pedi ya kufua bila jua ni tatizo jipya.

Kikombe cha hedhi, kile cha silikoni kinachoingizwa ukeni kukinga damu, ndicho kilichozua mambo. Nilikitaja tu mbele ya wifi yangu, sufuria ikawekwa chini. "Wifi, huyo mtoto bado." Nikamweleza kwamba silikoni ile inaweza kukaa ndani kwa muda usiozidi saa 12 bila kuguswa, inadumu miaka hata kumi, kwamba mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti 43 ulioonyesha kwamba kikombe hakivujishi kuliko pedi, mara nyingine kinavujisha pungufu. Kwa msichana anayekimbia au kuogelea hakuna kinachokishinda. Wifi alisikiliza, kisha akauliza lile swali ambalo mama wote wanaliuliza kwa sauti ya chini: na bikira?

Nitajibu hapa kama nilivyomjibu. Ule utando wa ukeni unaoitwa bikira si kifuniko. Kwa kawaida una uwazi tangu mtoto anapozaliwa, ndiyo maana damu ya hedhi inapata njia. Unaweza kutanuka kwa kikombe, kwa baiskeli, kwa kuruka viunzi, na kwa wengine hautanuki hata kwa hayo. Ubikira ni kutolala na mtu. Utando hauwezi kutoa ushahidi wa hilo, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kwa sababu hiyo hiyo: hauna msingi wowote wa kitabibu.

Hata hivyo wifi hakukosea yote. Kikombe kinataka mtoto aujue mwili wake na asiuogope, kinataka maji safi na sabuni ya mikono, kinataka kuchemshwa, na wengi huchukua mizunguko miwili mitatu kabla ya kukizoea. Miaka 13 wapo walio tayari na wapo wasio tayari. Tulimuuliza mwenyewe. Akasema: "Sasa hivi sitaki kitu cha kuingiza." Basi. Mwakani ataulizwa tena. Tamponi, vile vipamba vya kuingiza ukeni kunyonya damu, jibu ni hilo hilo, na tena hazipatikani madukani kwetu, na zinataka kubadilishwa kila baada ya saa nne hadi nane, jambo ambalo mtoto aliyechoka na safari ya basi anaweza kulisahau.

Jambo la rangi silimezi. Sketi za netiboli za shule nyingi ninazozijua ni nyeupe. Bukta za riadha nyeupe. Wimbledon, wale wa mashindano ya tenisi, ambao weupe kwao ni kama ibada, tangu 2023 wanawaruhusu wanawake kuvaa bukta za rangi iliyokoza chini ya sketi. Timu ya soka ya wanawake ya Uingereza mwaka huo huo ilikwenda Kombe la Dunia na bukta za buluu baada ya wachezaji kusema wazi kwamba nyeupe inawatia hofu. Wale ni wanawake watu wazima, wana madaktari wa timu na vyumba vyao vya kubadilishia nguo, na bado hofu ilikuwepo. Wetu ana sweta la kujifunga kiunoni. Mkuu wa shule unayesoma hapa, sare zikichakaa mwaka huu, agiza buluu nzito au nyeusi. Haihitaji waraka wala bajeti ya ziada.

Na walimu wa michezo wa kiume, ambao ndio wengi: msimuulize mtoto mbele ya wenzake kwa nini anavuta bukta. Wekeni pakiti na chupi safi mbili kwenye begi lile lile la bandeji na maji, semeni mara moja mwanzo wa muhula kwamba zipo na anayehitaji achukue bila kuomba. Miaka miwili ya mwanzo hedhi nyingi hazina ratiba. Mtoto hawezi kujua itamkuta wapi. Na ikiwa pedi inajaa kila saa moja au mbili, huyo apelekwe hospitali apimwe kama damu imepungua mwilini. Pengine ndiyo sababu ya kuchoka kwake mzunguko wa pili.

Hedhi iliyofuata ilianza Jumatano, na Alhamisi ni siku ya mazoezi. Nilipita kumtazama. Siku ya pili ile, nzito, na alikimbia mizunguko yote miwili mikono yote ikifanya kazi. Usiku akaja kwangu na daftari la hesabu, nyuma yake ameandika tarehe, aina ya pedi, amefanya mazoezi gani, ilihama au haikuhama. Anataka sasa tujaribu chupi ya hedhi, ile nyeusi yenye kitambaa cha kunyonya kilichoshonewa humo humo, kwa sababu hiyo haina kitu cha kuhama. Nikamwambia nitatafuta moja.

"Mbili, shangazi," akasema. "Moja itakuwa kwenye kamba."