Cantona: je, alitundika daluga mapema mno?

Eric Cantona alipostaafu soka Mei 1997, alikuwa hajatimiza miaka 31 na ndiye nahodha aliyekuwa ametoka kuiongoza Manchester United kutwaa ubingwa wa ligi. Wengi waliamini angerudi, kwa kuwa mwaka 1991 huko Ufaransa alishawahi kutangaza kuacha mpira, baada ya kufungiwa kwa kumrushia mwamuzi mpira na kisha kuwatukana wajumbe wa kamati ya nidhamu. Safari hii hakurudi, na mwaka uliofuata akaonekana katika filamu ya Elizabeth akiwa balozi wa Ufaransa.

Wanaosema aliwahi mno wana hoja, maana mtu aliyetwaa ubingwa wa Uingereza mara 5 katika misimu 6 hakuwa amechuja. Hata hivyo, wanapodai kwamba uigizaji ulimkosesha Kombe la Dunia la 1998, wanachanganya mambo. Mechi yake ya mwisho kati ya 45 alizoichezea Ufaransa ilikuwa Januari 1995, siku chache kabla ya kumpiga teke shabiki katika uwanja wa Selhurst Park na kufungiwa, na kocha wa Ufaransa Aimé Jacquet hakumwita tena hata adhabu ilipokwisha. Tena, ni katika kipindi hicho cha kufungiwa ndipo alipoigiza filamu yake ya kwanza.

Swali gumu zaidi ni kama sinema ilipata mwigizaji au ilipata jina tu. Frank Leboeuf, beki wa Ufaransa aliyecheza fainali ya 1998 kwa sababu beki mwenzake Laurent Blanc alikuwa na kadi nyekundu, naye aligeukia uigizaji, lakini katika The Theory of Everything anaonekana kwa muda mfupi tu, akiwa daktari. Ikiwa medali ya dunia haitoshi, basi Cantona alibebwa na kitu kingine, nacho, kwa maoni yangu, alikuwa nacho tangu uwanjani. Baada ya kuwafunga Sunderland Desemba 1996 kwa mpira wa kuinua juu ya kipa, hakukimbia wala kuruka; alisimama, kola imesimama, akageuka taratibu akiwatazama watu kana kwamba wao ndio waliokuja kutazamwa.

Haiba hiyo imemfaa, na pia imembana. Katika Looking for Eric ya mwaka 2009 anaigiza nafsi yake mwenyewe, jambo linalofurahisha lakini halimpimi. Kipimo halisi kilikuja mwaka 2020 katika tamthilia ya Dérapages, alipocheza kama meneja wa utumishi wa zamani aliyekaa miaka 6 bila ajira ya maana, anayedharauliwa na wakubwa wake. Mwili ule mzito na sauti ile nzito havikubadilika, na ni kweli kwamba hana sura nyingi za kuvaa, lakini kwa vipindi vyote 6 nilimwona mzee aliyechoka, na jezi namba 7 sikuikumbuka.