Ekzosi ya gari la turbo: nguvu iko mbele, kelele iko nyuma

Wenye Subaru za turbo, yaani zenye pampu inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini, hapa Tanga wana ubishi wao usiokwisha, na jioni za Jumapili pale Raskazone ndipo unapochemka. Kundi la kwanza linasema turbo haitaki kubanwa: toa masega (kile kisafisha moshi chenye matundu kama sega la nyuki), toa sailensa, vuta bomba la inchi 3 mpaka nyuma. Kundi la pili linasema ukifanya hivyo umeliua gari, maana injini lazima ibanwe kidogo kwenye ekzosi ndipo ivute. Kila kundi lina gari la kutolea ushahidi, na hapo ndipo penye kasoro, kwa sababu magari yenyewe hayafanani.

Chukua yule wa kundi la pili. Ukimchimba utakuta zamani alikuwa na Toyota Mark II GX100, injini ya 1G-FE, lita 2, silinda sita, haina turbo. Alimpelekea mtu wa kuchomelea, akawekewa bomba nene, na gari likalegea kweli. Hasemi uongo. Katika injini isiyo na turbo moshi hutoka kwa mapigo, na kila pigo linalopita kwa kasi ndani ya bomba lenye upana unaofaa huacha nyuma yake sehemu yenye mgandamizo mdogo, ambayo husaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Bomba likizidi upana, kasi ya moshi inashuka na mvuto ule unapotea, hasa kwenye mizunguko ya chini ambako ndiko tunakoendeshea kila siku. Alichopoteza ni kasi ya moshi. Yeye anadhani alipoteza mgandamizo wa kuibana injini, na imani hiyo akahama nayo mpaka kwenye Subaru Forester ya turbo.

Kwenye turbo mapigo hayo yanakwenda kugonga gurudumu la turbini, ambalo gari likikanyagwa sawasawa huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kinachoizungusha turbini ni joto la moshi na tofauti ya mgandamizo kati ya upande wa kuingilia na upande wa kutokea. Kwa hiyo chochote kinachozuia moshi baada ya turbini ni hasara tupu. Ukipunguza kizuizi, turbo inaamka mapema na injini inahema. Bomba la inchi 3 lina nafasi ya ndani kubwa kuliko la inchi 2.5 kwa asilimia 44 hivi, na tofauti hiyo si ndogo. Katika hoja ya fizikia, kundi la kwanza limeshinda na sina la kuongeza.

Lakini wanapofika kwenye matumizi ya pesa, wengi wao wananunua upande usio sahihi. Kizuizi kikubwa katika ekzosi ya turbo iliyotoka kiwandani kwa kawaida kiko mbele, kwenye daunpaipu, yaani lile bomba la kwanza linalotoka kwenye turbo na kushuka chini ya gari. Hapo kuna kona kali, kuna masega, na hapo ndipo moshi una joto kali kuliko sehemu nyingine yoyote baada ya turbini. Moshi wa moto hutanuka, unataka nafasi. Ukifika nyuma karibu na bampa umeshapoa, umesinyaa, na bomba la kiwandani linauhimili vizuri tu. Mtu anayebadilisha kuanzia katikati kwenda nyuma na kuacha daunpaipu ya zamani anapata nguvu kidogo sana na kelele nyingi sana. Si dhambi kununua sauti, ila tusiiite nguvu za farasi.

Basi si wabadilishe daunpaipu, yaishe? Hapa kundi la pili, kwa sababu ambayo si ile wanayoitoa, linakuwa na hoja nzito. Mgandamizo wa hewa ambayo turbo inaisukuma kwenye injini, ile busti, unadhibitiwa na mlango mdogo unaoitwa westigeti, ambao hupitisha sehemu ya moshi pembeni ili usiende wote kwenye turbini. Ukifungua njia ya nyuma ghafla, turbini inapata nguvu kuliko ilivyopangiwa, na mlango ule unaweza kuzidiwa kwa udogo wake. Busti inapanda yenyewe kadiri mizunguko inavyopanda. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikiona imepita kiwango inakata mafuta, gari linashtuka kama limegongwa kwa nyuma, na dereva analaumu plagi. Hiyo ndiyo hali nzuri. Hali mbaya ni pale busti inapopanda bila kufikia kiwango cha kukatiwa: hewa imezidi, mafuta hayakuzidi kwa uwiano wake, mchanganyiko unawaka kabla ya wakati, na pistoni zinaanza kupasuka kwenye zile kingo zinazoshika ringi. Wanaozifahamu injini za Subaru za EJ zenye turbo wanajua ugonjwa huo. Tena magari haya mengi yalipangwa Japani, ambako petroli ya juu inauzwa ikiwa na okteni 100 (kipimo cha petroli kustahimili kuwaka kabla ya wakati), kwa hiyo hata kabla hujagusa ekzosi akiba ya usalama imeshapungua kwa mtu anayejaza petroli ya kawaida.

Msimamo wangu ni huu: daunpaipu pana na kupangwa upya kwa programu ya kontroli boksi ni kitu kimoja, kinanunuliwa pamoja. Kama huna bajeti ya vyote viwili, acha mbele kama kulivyo.

Kuhusu masega, kuna kisa kimoja ambacho kuyatoa kuna maana ya ufundi. Baadhi ya Subaru WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina masega ya ziada kabla ya turbo, kwenye bomba linalopanda kuielekea. Yakizeeka yakavunjika, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye turbini. Hayo yatoe. Masega yaliyo baada ya turbo ni habari nyingine. Yanapunguza kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni, na yakiwa mazima hayabani kama watu wanavyodhani. Ukiyatoa, gari lenye sensa ya oksijeni ya nyuma linaweza kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi kwa namba ya hitilafu P0420, na harufu inakufuata mpaka ndani. Na fundi akikuambia atakutolea masega bure, jiulize kwa nini ana huruma hivyo. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ghali, na wanunuzi wa chuma chakavu wanalijua hilo kuliko wewe.

Sasa ile sauti. Watu wengi wanaotafuta ekzosi ya Subaru wanatafuta ule muungurumo wa kudunda, wala si nguvu. Wasichoambiwa dukani ni kwamba muungurumo huo hautoki kwenye sailensa. Unatoka kwenye manifoldi, kile kikusanya moshi kinachofungwa kwenye injini, ambayo mabomba yake kutoka pande mbili za injini hayalingani urefu, hivyo mapigo yanafika kwa vipindi visivyo sawa. Forester XT ya miaka ile inayo. Subaru Legacy GT iliyotoka 2003 na WRX STI nyingi za soko la Japani za kipindi hicho hazina, kwa sababu turbo zao zina njia mbili za kuingilia na manifoldi zake zimelinganishwa urefu. Mwenye gari la namna hiyo anaweza kununua sailensa yenye mdomo kama ndoo, na asipate kitu zaidi ya kelele kavu. Hata daunpaipu ya turbo hizo aithibitishe kwanza kwa namba ya turbo yake, maana iliyotengenezewa WRX ya kawaida inaweza isikae.

Na kelele Tanga si jambo dogo. Huu ni mji wa baiskeli na baraza. Njia ya kwenda Raskazone inapita jirani na Hospitali ya Bombo, na Ngamiani nyumba zimesogea barabara kiasi kwamba kitanda cha mtu kiko hatua chache kutoka kwenye tairi lako. Kisheria pia hauko huru: ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, na zipo kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo chini ya sheria ya mazingira, ambazo NEMC, baraza la taifa la mazingira, inazisimamia. Wajapani, ambao ndio tunaoletewa magari yao, wana alama ya JASMA inayogongwa kwenye sailensa za michezo zilizopimwa na kukubalika kwa barabara. Fujitsubo na HKS wanazo za aina hiyo. Ukiikuta kwenye sailensa ya mtumba, ujue ina adabu, mradi pamba ya ndani inayomeza kelele haijaungua. Kipimo cha desibeli nacho kinadanganya macho: kikipanda kwa 10, sikio linasikia kama kelele imekuwa mara mbili. Kutoka 90 hadi 100 si “kidogo tu.”

Anayeumia zaidi ni mwenye gari. Sailensa ya wazi huwa na mwendo fulani ambao inavuma mfululizo ndani ya gari, na mara nyingi ni mwendo uleule wa safari ndefu. Mtoke mjini, mpite Muheza, mkifika Segera abiria wako ameshaomba kushuka. Chemba ya kati, ile rezoneta ambayo mafundi hupenda kuitupa, ndiyo inayokula mvumo huo. Ibaki.

Imebaki wapi pa kuinunua ekzosi, na hapa mimi nina upendeleo. Ekzosi mpya ya jina kubwa ni nzuri, ila usafiri na ushuru wa mzigo mrefu namna ile unaweza kukata tamaa. Ya mtumba kutoka Japani ina faida ya kukaa kwenye bolti zake bila kubahatisha. Itikise: ikilia ndani, vipande vya kuzuia kelele vimekatika. Mulika tochi upande mmoja, tazama upande wa pili, matundu ya bomba la ndani yaonekane yamejipanga na pamba isiwe imechungulia. Njia ninayoipendelea ni ya tatu, nunua sailensa nzuri na rezoneta, halafu bomba lichomelewe hapahapa.

Ila ujue unachoagiza. Hewa ya bahari yetu haina huruma na chuma cheusi, kinatoboka upesi. Omba stenlesi ya 304, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi. Nenda na sumaku: 304 haishiki, au inashika kwa mbali penye kona iliyopindwa, wakati ile ya 409, yenye kromiamu asilimia 11 tu, inanasa mara moja. Ya 409 haifai kudharauliwa, magari mengi hutoka nayo kiwandani, lakini usiilipie bei ya 304. Kona zisiwe na mikunjo upande wa ndani, kila mkunjo ni bomba la inchi 3 lililorudi kuwa dogo. Kisha kabla fundi hajafunga, ingiza kidole ndani ya mshono. Ukikuta ukoko mweusi wenye chengachenga, amechoma stenlesi bila kupitisha gesi ya argoni upande wa ndani. Mshono huo utashika kutu na kupasuka wakati bomba lenyewe bado jipya. Na apime urefu kutoka chini huku watu wanne wamekaa ndani ya gari, kwa sababu bomba la inchi 3 lililoning'inia ovyo litakutana na tuta la kwanza tu. Flenji, yaani kiungio cha bolti, ikilegea hapo, moshi wenye kaboni monoksidi unapanda kwenye sakafu uliyokalia.

Nikirudi kwenye daunpaipu, kwa mtu wa Tanga kuna gharama moja ambayo haiandikwi dukani. Ikiwa fundi wako wa kontroli boksi yuko Dar es Salaam, hiyo ni safari ya kilomita 350 hivi ukiwa na bomba pana na programu ya zamani, na kipande cha Segera hadi Chalinze kinaalika mguu kukanyaga mafuta. Ibebe daunpaipu kwenye buti pamoja na gasketi mpya, ifungwe hukohuko siku ileile programu inapopangwa.